Risasi hafifu, hatari nzito: Mwenye bastola afanyie mazoezi wapi?

MLIO wa risasi ni habari kubwa katika eneo kama Sironga, karibu na mji wa Nyamira. Hapa boma limepakana na boma, shamba la chai limekutana na la ndizi, na wanafunzi wa Shule ya Upili ya Wasichana ya Sironga wanaishi na kusoma katikati ya jamii. Bunduki ikilia jioni, haipiti muda kabla ya kijiji kizima kuanza kuulizana: ni majambazi, ni polisi, ama kuna mtu ameuawa?

Tuchukue basi mfano wa mfanyabiashara anayeishi mahali kama hapo. Ana leseni halali ya bastola aina ya rivolva, ile yenye silinda inayozunguka na kubeba risasi tano au sita. Aliiomba kwa sababu husafiri na fedha na anahofia maisha yake. Anajua kwamba silaha isiyofanyiwa mazoezi humponza mwenyewe kabla ya kumtisha adui. Lakini risasi za dukani ni ghali, uwanja wa kulenga shabaha uko mbali, na akifyatua hata moja nyuma ya nyumba yake atawatia majirani kiwewe.

Kisha anasikia kwamba Marekani na kwingineko wapo wenye rivolva wanaojijazia risasi wao wenyewe. Hutumia baruti kidogo na risasi nyepesi ya madini laini, na matokeo yake huwa mlio wa chini na teke dogo mkononi. Anajiuliza: kwa nini nami nisijaribu?

Swali hilo lina mantiki yake na halifai kujibiwa kwa kejeli. Mtu anayetaka kufanya mazoezi ni afadhali mara nyingi kuliko yule anayeifungia bastola kabatini miaka mitano, halafu akaitoa usiku mmoja akiwa na hofu na mikono inayotetemeka. Hata hivyo, jibu la swali lake ni kwamba asijaribu. Na serikali nayo haitakuwa imemaliza kazi yake kwa kumkataza tu, kwa sababu imempa leseni ya silaha bila ya kumwonyesha mahali karibu pa kujifunzia namna ya kuitumia.

Asili ya risasi hafifu

Wazo la risasi ya mazoezi isiyo na kishindo ni la zamani. Mnamo 1845, Mfaransa Louis-Nicolas Flobert alibuni risasi ndogo isiyokuwa na baruti kabisa. Iliendeshwa na fataki peke yake, yaani ile dawa inayolipuka inapogongwa kitakoni mwa ganda. Nguvu yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba matajiri wa Ulaya waliitumia kulenga shabaha ndani ya nyumba zao. Mwaka 1857 kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani ilitoa rivolva iliyotumia risasi ndogo ya kipenyo cha .22. Jamaa ya risasi hiyo ndiyo inayotumiwa hadi leo na wanaoanza kujifunza kulenga, kwa kuwa ni nafuu na kishindo chake ni kidogo.

Baadaye, mwishoni mwa karne ya 19, ilikuja risasi ya .38 Special. Hiyo ndiyo iliyotawala mikononi mwa polisi wa Marekani kwa sehemu kubwa ya karne ya 20. Kwa ajili ya mazoezi, viwanda vilitengeneza aina yake yenye nguvu pungufu na uso bapa, inayotoboa karatasi ya shabaha kwa tundu la mviringo lililo rahisi kuhesabiwa alama.

Rivolva inakubali risasi hafifu kuliko bastola nyingine kwa sababu ya jinsi ilivyoundwa. Bastola za kujijaza zenyewe, kama vile Ceska na Jericho ambazo zimekuwa mikononi mwa polisi wetu, hutegemea nguvu ya risasi iliyotangulia ili kutupa ganda na kuingiza risasi inayofuata. Risasi ikiwa dhaifu, mtambo hukwama. Rivolva huzungushwa kwa nguvu ya kidole cha mpigaji. Haijali kama risasi ilikuwa kali au legevu; ukivuta tena, silinda inazunguka na risasi nyingine inakuja mbele ya nyundo.

Uvumilivu huo ndio unaowavutia wanaojijazia risasi. Ndio pia unaowaponza, kwa sababu rivolva iliyoharibikiwa haitampa mpigaji onyo ambalo bastola iliyokwama humpa.

Makosa mawili ya baruti

Anayepunguza baruti kwa mkono hukabiliwa na makosa mawili yanayoelekea pande tofauti, na yote mawili yanaweza kuua.

La kwanza ni baruti kuwa kidogo mno. Risasi hutoka ndani ya ganda, ikaingia kwenye mtutu na kukwama humo. Mpigaji husikia mlio hafifu na hudhani ndio ule aliokuwa akiutafuta. Akivuta kifyatulio mara ya pili, risasi ya pili huikuta ya kwanza ikiwa imeziba njia. Mtutu huvimba au hupasuka.

La pili ni baruti kuwa maradufu. Ganda la .38 Special ni refu kwa sababu asili yake ni enzi ya baruti nyeusi iliyohitaji nafasi kubwa. Baruti ya kisasa huchukua sehemu ndogo tu ya ganda hilo. Kwa hivyo mtu aliyekatizwa na simu au mgeni aliyebisha hodi anaweza kujaza ganda lilelile mara mbili, na asilione likifurika. Risasi aliyokusudia iwe nyepesi kuliko zote huwa kali kuliko zote, na silinda hulipuka sentimita chache kutoka usoni mwake.

Ulimwengu una kumbukumbu chungu ya risasi za rivolva zilizochezewa na watu wasiokuwa na ujuzi. Machi 31, 1993, mjini Wilmington, North Carolina, mwigizaji Brandon Lee, mwana wa Bruce Lee, alipigwa risasi wakati wa kutengenezwa kwa filamu ya The Crow. Alikuwa na umri wa miaka 28. Watayarishaji walikuwa wamehitaji risasi bandia za kuonekana kwenye kamera. Badala ya kutumia zilizoundwa kiwandani, walichukua risasi halisi, wakatoa baruti, wakarudisha vichwa vyake, lakini fataki ikabaki.

Fataki hiyo, bila ya baruti, ilitosha kuisukuma risasi hadi ndani ya mtutu ikakwama. Hakuna aliyekagua. Baadaye rivolva hiyo ilipakiwa risasi tupu za kutoa mlio, ambazo zina baruti lakini hazina kichwa. Ilipofyatuliwa, baruti hiyo iliitoa risasi iliyokuwa imekwama, nayo ikamwingia Lee tumboni. Haya yalitokea mbele ya watu wengi waliokuwa kazini, katika kampuni iliyokuwa na fedha za kutosha. Itakuwaje mtu akiwa peke yake kwenye ghala ya mahindi?

Kimya kisichopatikana

Mwenzetu wa Sironga anataka pia kimya. Hapa kuna dhana potofu. Risasi inayokwenda kwa kasi ya chini ya ile ya sauti, yaani takriban mita 340 kwa sekunde, haitoi ule mpasuko mkali wa angani. Risasi za kawaida za .38 Special tayari huwa chini ya kasi hiyo. Lakini mlipuko wa gesi mdomoni mwa mtutu hubaki, na huo pekee unatosha kuwaamsha majirani.

Mlio wa bastola kwa kawaida huzidi desibeli 140, kiwango ambacho mara moja tu kinaweza kuyadhuru masikio. Ukipunguza baruti unapunguza kishindo hicho, lakini huwezi kukifuta. Anayedanganyika kwamba risasi yake ni ya kimya huacha kuvaa vizibo vya masikio, na huo ndio mwanzo wa uziwi wa pole pole.

Wapo wanaodhani kwamba kiziba sauti kingemaliza tatizo. Kwanza, kifaa hicho hakifai katika rivolva nyingi, kwa sababu kuna upenyo mdogo kati ya silinda na mtutu ambamo gesi na sauti huvuja. Rivolva ya Kirusi ya Nagant ya mwaka 1895 ni miongoni mwa chache ambazo silinda yake husogea mbele na kuuziba upenyo huo. Pili, na hili ndilo zito, Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inakihesabu kifaa cha kupunguza mlio au mwako wa bunduki kuwa ni silaha kwa maana ya sheria hiyo. Kukimiliki bila ya idhini ni sawa na kumiliki bunduki bila ya idhini.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa Nyamira wanalielewa bila ya kufundishwa. Mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mpaka wa Borabu na Sotik ulishuhudia mapigano na nyumba kuchomwa. Katika nyakati kama hizo kelele huokoa maisha. Yowe humtoa mtu nyumbani kabla ya adui kufika, na mlio wa bunduki huwafanya wazazi wawaite watoto ndani. Jirani anayefyatua risasi kimyakimya huwanyima wenzake onyo hilo, hata kama nia yake ni njema.

Isitoshe, risasi hafifu bado ni risasi. Hata ile ndogo ya .22 inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja ikikosa kuzuiwa. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, Kaunti ya Nyamira ilikuwa na watu 605,576, yaani wastani wa watu 675 katika kila kilomita mraba moja. Jirani yake Kisii ilikuwa na wastani wa watu 957. Ukisimama nyuma ya nyumba yoyote katika milima ya Gusii, huwezi kuchora mstari wa kilomita moja usiopita juu ya jiko la mtu, njia ya wanafunzi au mchuma chai aliyeinama shambani.

Sheria inavyosema

Sheria ya Silaha ni ya tangu enzi ya ukoloni, mwaka 1953, ingawa imefanyiwa marekebisho mara nyingi. Inamtaka kila raia mwenye bunduki awe na cheti. Cheti hicho hutaja aina na idadi ya silaha, na hutaja pia kiasi cha risasi ambacho mwenyewe anaruhusiwa kununua na kuwa nacho kwa wakati mmoja. Risasi isiyo ndani ya hesabu hiyo ni haramu hata ikiwa imejazwa baruti chembe tatu. Aidha, baruti na fataki zina sheria yake nyingine, Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115. Kwa hivyo anayeweka kiwanda kidogo cha risasi mezani pake hukabiliwa na sheria mbili kwa mpigo.

Utoaji wa leseni ulipangwa upya na sheria ya marekebisho ya usalama ya Desemba 2014, iliyounda Bodi ya Leseni za Silaha. Miaka minne baadaye, Desemba 2018, serikali iliagiza raia wote wenye bunduki wahakikiwe upya katika muda wa siku 90. Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo alikuwa Dkt Fred Matiang'i, ambaye ni mzaliwa wa Nyamira hiyo hiyo. Lengo lilikuwa kuzitambua leseni bandia na kuwaondoa waliozipata kwa njia za mkato.

Hofu ya serikali kuhusu risasi ina msingi. Mwaka 2008, shirika la utafiti la Small Arms Survey la Uswisi lilichapisha ripoti kuhusu Turkana Kaskazini. Ilieleza kuwa karibu nusu ya risasi zilizokuwa zikizunguka huko kinyume cha sheria zilitoka kwenye maghala ya dola. Polisi walikanusha. Lakini somo lilibaki: bunduki moja huishi miaka 50, ilhali risasi huisha na lazima itafutwe nyingine. Anayedhibiti risasi ndiye anayedhibiti bunduki.

Shirika hilo hilo mwaka 2018 lilikadiria kwamba raia nchini Kenya walikuwa na bunduki takriban 750,000, na kwamba zilizosajiliwa zilikuwa 8,000 na ushei tu. Kwa nchi iliyo katika hali hiyo, kuwafungulia watu mlango wa kujitengenezea risasi nyumbani kungekuwa ni kuiondoa hesabu ya mwisho iliyobaki. Fundi anayejua kujaza risasi za mazoezi leo anaweza kesho kuombwa na mteja asiyekuwa na leseni ajaze za kazi nyingine.

Itifaki ya Nairobi ya Aprili 21, 2004, ambayo Kenya na majirani zake walitia sahihi, iliwataka wanachama wadhibiti utengenezaji, uingizaji na umiliki wa silaha ndogo na risasi zake. Risasi za bunduki za vikosi vyetu na zile za bastola za milimita tisa hutengenezwa Eldoret katika Shirika la Kenya Ordnance Factories lililoundwa mwaka 1997. Tanzania ina Shirika la Mzinga mjini Morogoro. Katika eneo hili, utengenezaji wa risasi ni kazi ya dola.

Wasomaji watasema kwamba wapo Waafrika Mashariki ambao wamejaza baruti kwa mikono yao kwa miaka mingi. Ni kweli. Wawindaji wenye magobore katika mikoa ya magharibi mwa Tanzania hupima baruti kwa mkono na kuishindilia mdomoni mwa mtutu. Lakini gobore ni silaha ya porini, ya risasi moja, na historia yake imejaa vidole vilivyokatika na macho yaliyopofuka. Mamlaka za Tanzania zimekuwa zikitoa muda wa msamaha ili silaha za aina hiyo zisalimishwe. Mfano huo unaonyesha gharama ya desturi yenyewe.

Afrika Kusini imechukua njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 2000 inamruhusu mwenye leseni kujaza risasi zake, na kwa kawaida inamwekea kikomo cha risasi 200 kwa kila silaha, isipokuwa wawindaji na wanamichezo waliosajiliwa rasmi. Mwaka 2021 serikali ya huko ilipendekeza kupiga marufuku ujazaji huo, na ikapata upinzani mkali kutoka kwa wanamichezo. Nchi hiyo ina vyama vya miaka mingi, wakaguzi, viwanja na maduka ya vifaa, na bado serikali yake ilisita. Sisi tusio na hayo tutaanzia wapi?

Somo la California

Hata mtu akizipata risasi hafifu kwa njia halali, swali la manufaa yake linabaki. Usiku wa kuamkia Aprili 6, 1970, huko Newhall, California, maafisa wanne wa polisi wa barabara kuu waliuawa katika makabiliano ya dakika chache na wahalifu wawili. Uchunguzi uliofuata uliyaweka mafunzo yao kwenye mizani.

Miongoni mwa kasoro zilizoonekana ni kwamba polisi hao walikuwa wakifanyia mazoezi kwa risasi za .38 zenye nguvu ndogo, ilhali baadhi yao kazini walibeba risasi kali za .357 Magnum. Mkono uliozoea teke dogo ulikutana na teke kubwa katika saa mbaya kuliko zote. Kikosi hicho kilibadili mafunzo yake, na vikosi vingine vikajifunza kutoka kwake: fanyia mazoezi kile utakachokibeba.

Mchezo wa kulenga shabaha kwa bastola nao umeliona tatizo hilo. Shirika la kimataifa la IDPA, lililoanzishwa Marekani mwaka 1996, lina kitengo cha rivolva, na kanuni zake zimeweka kiwango cha chini cha nguvu ya risasi ili washindani wasijipunguzie kazi kwa risasi legevu. Kenya inaufahamu mchezo huo. Mwaka 2021 mashindano yake ya bara la Afrika yalifanyika Kirigiti, Kaunti ya Kiambu.

Hii haina maana kwamba risasi hafifu hazina kazi. Mwanafunzi anayeanza na risasi kali hujifunza kuogopa. Hufumba macho na kuutikisa mkono kabla risasi haijatoka. Risasi nyepesi humfundisha kutulia, kushika vizuri na kuvuta polepole. Zina nafasi yake mwanzoni, zikitoka kiwandani na zikitumiwa mbele ya mkufunzi. Kosa ni kuzigeuza kuwa chakula cha kila siku na kuzipika nyumbani.

Nini kifanyike?

Kwanza, mwenye leseni aelezwe kwamba sehemu kubwa ya mazoezi haihitaji risasi hata moja. Kutoa bastola alani, kuishika sawasawa, kuelekeza macho kwenye alama na kuvuta kifyatulio bila ya mtutu kuyumba ni mambo yanayoweza kufanywa kwa bastola tupu. Wakufunzi wa polisi na wanamichezo duniani kote hutumia njia hiyo. Haina gharama, haina kelele na haivunji hesabu ya risasi iliyo kwenye cheti.

Ina masharti, nayo hayana mjadala. Risasi zote ziwekwe chumba kingine. Silinda ifunguliwe na kila tundu likaguliwe kwa macho na kwa kidole, mara mbili. Shabaha iwekwe kwenye ukuta imara ambao nyuma yake hakuna mtu. Watoto wasiwepo. Mazoezi yakiisha, yawe yameisha. Asirudie mara moja zaidi baada ya kupakia risasi, kwani huo ndio wakati ambao bastola "tupu" hulia. Mwenye silaha pia aulize fundi aliyeidhinishwa kama rivolva yake inastahimili kugongwa ikiwa tupu, hasa ikiwa ni ya zamani au ya .22.

Pili, kuwe na viwanja vya shabaha vya pamoja nje ya Nairobi na viunga vyake. Kutoka Nyamira hadi Kiambu ni safari ya takriban kilomita 300. Mtu hawezi kutazamiwa kufunga safari hiyo kila mwezi kwa ajili ya risasi 30. Usalama ni kazi ya Serikali Kuu kwa mujibu wa Katiba ya 2010, lakini mipango ya ardhi ni jukumu la kaunti. Kaunti za Gusii na majirani zake zinaweza kukubaliana na polisi kuhusu uwanja mmoja wenye ukuta wa udongo wa kutosha, mbali na shule na makazi, na wenye kuzingatia kanuni za kelele zilizowekwa mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira.

Katika uwanja huo, risasi hafifu za kiwandani ziuzwe na zitumiwe papo hapo. Mwenye leseni akabidhiwe idadi inayojulikana, na arudishe maganda idadi ile ile. Hapo haja ya mazoezi ya bei nafuu itakuwa imetimizwa, na hesabu ambayo serikali inaililia itakuwa imelindwa. Gharama itokane na ada za wenye silaha wenyewe; mkulima asiye na bunduki hapaswi kuibeba.

Tatu, uhuishaji wa leseni uambatane na mtihani wa kulenga unaofanywa kwa risasi zile zile ambazo mtu hubeba. Atakayeshindwa apewe muda wa kujifunza, na akishindwa tena silaha ihifadhiwe polisi hadi atakapofuzu. Dereva wa matatu huulizwa kama anajua kuendesha. Si uonevu kumuuliza mwenye bastola kama anajua kulenga.

Nne, polisi wenyewe wasisahauliwe. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linamtaka afisa atumie nguvu na silaha pale tu njia nyingine zinaposhindwa. Amri hiyo inahitaji mkono wenye utulivu, na utulivu hautokani na mhadhara. Jopo la kuboresha hali ya polisi lililoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, naye pia mzaliwa wa Nyamira, lilikabidhi ripoti yake Novemba 2023. Mjadala uliofuata ulihusu zaidi mishahara na makazi, mambo ambayo ni ya haki. Lakini afisa anayelipwa vizuri na ambaye hajafyatua risasi ya mazoezi kwa muda mrefu bado ni hatari kwa umma anaoulinda, na uwanja wa pamoja ungemfaa yeye kama unavyomfaa raia.

Wapo watakaouliza kwa nini nchi yenye upungufu wa madarasa na dawa ijishughulishe na mazoezi ya wachache wenye bastola. Jibu liko kwa yule asiye na bastola. Risasi iliyokosa shabaha haimpati aliyeifyatua. Humpata mpita njia, mchuuzi wa ndizi kituoni, au mtoto aliyetumwa dukani. Hao ndio wenye haki ya kwanza ya kudai kwamba kila aliyepewa silaha awe anaijua.

Kwa sasa, mfanyabiashara wetu wa Sironga ana njia tatu. Anaweza kuiacha bastola ilale kabatini na asiwe tayari siku atakayoihitaji. Anaweza kununua mizani, baruti na maganda, akafunga mlango wa ghala na kuanza kujaribu. Au anaweza kukagua silinda tupu mara mbili, akafanya mazoezi yasiyo na mlio kila jioni, kisha akamwandikia mwakilishi wake wa wadi na kamanda wake wa polisi kuuliza uwanja utajengwa lini. Njia ya tatu ni ndefu, lakini ndiyo pekee ambayo majirani zake wanaweza kulala usingizi akiifuata.